Niliwafundisha wanafunzi wasiamini kila kitu, sasa hawaamini chochote. Nilikosea wapi?

#1 MwalimuWaZamu

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo?

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite, mwenye kahawa akae.

Nafundisha Kiswahili sekondari ya kata, Mkoa wa Pwani. Mwaka jana nilikuwa na Kidato cha Kwanza, watoto 58 kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya 40. Muhula wa pili nikachoshwa na habari wanazokuja nazo asubuhi. Leo kuna mtu amegeuka nyoka gesti, kesho kampuni ya simu inagawa GB 50 bure ukisambaza linki kwenye magrupu kumi, keshokutwa ukipiga namba fulani unaunganishwa Freemason na gari unapewa. Simu shuleni ni marufuku, lakini nyumbani wanashika za mama na kaka, kwa hiyo kilichosambaa usiku mimi nakikuta darasani saa moja na nusu. Nikasema vipindi vya ufahamu nitavitumia humo humo. Sungura na fisi wapumzike kidogo.

Siku ya kwanza niliwategea. Kuna ile picha ya papa anakata maji barabarani kando ya gari, imepigwa kama kutokea dirishani kwa dereva. Nilikwenda steshenari nikaitoa nakala 12, nyeusi na nyeupe, chini nikaandika: "Papa aonekana Jangwani, Dar es Salaam, baada ya mvua ya usiku kucha." Nikagawa kwa vikundi, nikauliza: kweli au uongo?

Zaidi ya nusu ya mikono ikaenda kwenye kweli. Akasimama kijana mmoja, mkali wa Jiografia, akaeleza: "Mwalimu, Mto Msimbazi unapita pale Jangwani na unamwaga maji baharini pale Selander. Maji yakijaa, mto na bahari vinakuwa kitu kimoja. Papa anafuata samaki." Darasa likapiga makofi. Na mimi nikiri, kwa sekunde mbili nilijiuliza mbona kama inawezekana.

Ndipo nikawaambia. Picha hiyo ilianza kuzunguka mwaka 2011, ikasemwa ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene. Tangu hapo kila mji unaofurika unapewa papa yule yule. Na papa mwenyewe amekatwa kutoka kwenye picha halisi ya Thomas Peschak aliyoipiga Afrika Kusini, papa anamfuata mtu kwenye mtumbwi mdogo. Yaani samaki ni wa kwetu Afrika, barabara ndiyo inabadilishwa.

Walicheka, wakaona aibu, na mimi nikajiona mwalimu bora wa taifa. Wiki tatu mfululizo nikawaletea uongo mwingine na mwingine, kila mara naufichua mwishoni kama mcheza kiinimacho. Ubaoni neno moja kubwa: USIAMINI.

Wiki ya nne wakaja wauguzi wa kituo cha afya kuzungumza na wasichana kuhusu chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Walipoondoka, binti mmoja, nimwite Z., akanyoosha mkono. "Mwalimu, ulisema tusiamini mpaka tuthibitishe. Hawa manesi nawathibitishaje? Jirani yetu anasema inaharibu kizazi. Manesi wanasema haiharibu. Wote ni watu wanasema."

Sikuwa na jibu. Nikasema tutaendelea kipindi kijacho. Siku ya chanjo Z. na wenzake sita hawakuonekana shuleni.

"Wote ni watu wanasema." Sentensi hiyo imenikaa kichwani miezi sasa. Nilitaka watoto wasidanganywe, nimepata watoto ambao muuguzi na mpiga porojo wamewekwa kapu moja. Walimu wenzangu, wazazi, wataalamu, nilikosea wapi?

#2 KijanaWaTandale

Nimekaa pale na kahawa yangu. Yule nyoka wa gesti hata mimi niliamini 😂😂

#3 BabaJunior_Kibaha

Mwalimu kwa heshima zote, NECTA inauliza papa? Junior wangu yuko kwenye shule ambayo nao wameanza haya mambo. Juzi namwambia akaoge, ananiuliza "baba chanzo chako ni kipi?" Chanzo changu ni harufu.

#4 MwalimuWaZamu

> BabaJunior_Kibaha alisema: Chanzo changu ni harufu.

Mkuu 😂 hicho ni chanzo cha moja kwa moja, hakina mpinzani. Ila kwenye mtihani wa Kiswahili kuna ufahamu, na ufahamu ni kumuuliza mwandishi kasema nini na kwa nini. Sijatoka nje ya mada.

#5 MkutubiMchovu

Mwalimu, mimi ni mkutubi wa chuo, miaka kumi na kitu nawaona wanafunzi wakikusanya takataka mtandaoni na kuzipa tanbihi nzuri. Nadhani ulipokosea panaonekana kwa yule kijana wa Jiografia.

Kijana hakukosa akili. Alikuwa nayo nyingi sana! Aliitazama picha, akaanza kufikiri ndani ya picha: mto, bahari, samaki. Kadiri alivyofikiri ndivyo uongo ulivyozidi kunoga. Kule Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa hapo hapo Stanford, na wahakiki wa habari 10, wale ambao kazi yao ni kupekua ukweli. Wakawapa tovuti wazipime. Mojawapo ilikuwa ya chama cha madaktari wa watoto chenye jina zito, kumbe ni kikundi kidogo kilichojitenga na chama kikubwa kwa ajili ya misimamo yake. Maprofesa wakaisoma tovuti juu hadi chini, wakatazama nembo, marejeo, lugha safi, na baadhi yao wakanasa. Wahakiki hawakuisoma. Walikaa kidogo tu, wakafungua kurasa nyingine pembeni kuuliza: hawa ni kina nani, na watu wengine wanawasemaje? Ndani ya dakika chache wamemaliza.

Kwa hiyo ukimfundisha mtoto "tazama kwa makini" unamfundisha kuzama ndani ya mtego. Mfundishe kutoka. Pale Stanford wamebana kwenye maswali matatu: nani yuko nyuma ya habari hii, ushahidi wake ni upi, na wengine wanasemaje. Neno "usiamini" halimo.

Halafu kuna mfano wa pweza. Tangu 1998 ipo tovuti ya utani inayosema kuna pweza anaishi juu ya miti kaskazini-magharibi mwa Marekani na anakaribia kutoweka. Donald Leu wa Chuo Kikuu cha Connecticut aliwapa watoto 25 wa darasa la saba, wasomaji hodari kabisa. Wote isipokuwa mmoja waliiona ni tovuti ya kuaminika.

#6 SupuYaPweza

Pweza juu ya mti 🤣 Mimi nauza pweza Forodhani, huyo wa mtini anashuka saa ngapi nimwekee pilipili?

Ila niseme kitu. Mtoto wa Unguja huyo pweza hamdanganyi hata akiwa darasa la pili, kwa sababu pweza anamjua, kamshika, kampiga mwambani. Aliyedanganywa ni asiyemjua pweza. Popobawa, yule jini wa usiku, je? Mwaka 1995 watu wazima wenye akili zao tulilala nje barazani kwa kundi, wiki nzima. Popobawa hakuna aliyemshika. Kwa hiyo mimi nasema elimu ya kitu chenyewe inashinda elimu ya "kuhakiki".

#7 MkutubiMchovu

> SupuYaPweza alisema: elimu ya kitu chenyewe inashinda

Umepiga mulemule kwa nusu. Ila huwezi kumjua kila pweza, maalim. Mimi chanjo sijaitengeneza, ndege sijawahi kurusha, benki sijui inahifadhi wapi hela yangu. Vitu vingi tunaishi navyo kwa kuwategemea wanaovijua. Ndiyo maana swali la Z. ni zito kuliko mnavyolichukulia.

#8 MzeeWaReliYaKati

Vijana, mnaongelea WhatsApp kama ndiyo mama wa uongo. Mimi mwaka 2011 nilikodi Land Cruiser na wenzangu wanne kutoka Dodoma hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu wa dawa ya miti shamba. Shilingi 500. WhatsApp sikuwa nayo, simu yangu ilikuwa ya tochi.

Nina diploma ya ufundi. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kupima vitu. Na hakuna aliyenishawishi kwa hoja. Niliamini foleni. Ukiona magari yamejipanga kilomita na kilomita porini, wasomi, wafanyabiashara, wanasiasa, wagonjwa wametolewa hospitali na dripu mkononi, unajisemea hawa wote hawawezi kuwa wajinga. Na wao walikuwa wananitazama mimi wanasema hivyo hivyo.

Sukari yangu ilishuka? Nilirudi nikajisikia vizuri wiki mbili. Kisha nikarudi kliniki. Mwalimu, ukipata nafasi wafundishe watoto kuhusu foleni.

#9 MtanzaniaKampala

Mzee shikamoo. Hilo la foleni huku Uganda wameshalifundisha, tena kwa watoto wa msingi, na wakapima matokeo. Nashangaa halijatajwa.

Mradi unaitwa Informed Health Choices. Wataalamu wa Makerere, akiwemo Allen Nsangi na Daniel Semakula, walishirikiana na watafiti wa Norway wakatunga kitabu cha hadithi za katuni kwa watoto wa miaka 10 hadi 12. Mwaka 2016 wakachukua shule 120 za Uganda ya kati, watoto zaidi ya 10,000, wakazigawa kwa kura: nusu zipate masomo, nusu ziendelee kama kawaida. Masomo yenyewe ni tisa, dakika 80 kila moja, muhula mmoja. Hakuna kompyuta, hakuna simu, ni kitabu na ubao.

Wanachofundishwa si "chanjo nzuri, waganga wabaya". Wanafundishwa kwamba mtu kupona baada ya kutumia kitu si ushahidi kuwa kitu hicho ndicho kilichomponya. Kwamba kutumiwa na wengi au tangu enzi za mababu hakukifanyi kifae (hapo ndipo foleni ya mzee). Kwamba lazima ulinganishe waliotumia na wasiotumia, na ulinganishe kwa haki. Mfano wao mmoja ni kupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye jeraha la moto, jambo ambalo mtoto wa kijijini kaliona kwa macho yake.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2017. Waliofikia alama ya kufaulu kwa waliofundishwa ni asilimia 69, kwa wasiofundishwa 27. Baada ya mwaka mzima walipimwa tena na bado walikuwa mbele. Na mwaka 2022 wakajaribu kwa sekondari Kenya, Rwanda na Uganda, masomo kumi mafupi.

Kwa hiyo mwalimu, wewe uliwaonyesha uongo mmoja mmoja. Hawa wanafundisha kupima madai. Mtoto aliyeonyeshwa uongo mia anatoka akidhani dunia nzima ni uongo. Mwenye mizani anapima na cha kweli pia.

#10 MwalimuWaZamu

MtanzaniaKampala na Mkutubi, mmenichapa kistaarabu. "Mizani" nimeichukua.

Sasa niwaeleze nilichobadilisha baada ya lile la Z., mniambie kama niko njiani.

Shida yangu ya kwanza ni simu. Unamwambiaje mtoto "fungua kurasa za pembeni" wakati simu akikutwa nayo anarudishwa nyumbani? Nikatengeneza bahasha. Nachukua habari moja, kwa mfano ile ya GB 50. Usiku natafuta mwenyewe kwenye simu yangu: tovuti ya kampuni yenyewe inasema nini, linki imesajiliwa kwa jina gani, magazeti yameandika nini, mtu fulani kwenye grupu kaandika nini. Kila jibu nalichapa kwenye karatasi, naliweka kwenye bahasha yake, juu nimeandika swali. Kuna bahasha 8 mezani. Bahasha moja ni upuuzi mtupu, ushuhuda wa "mimi nimepata kweli jamani".

Kila kikundi kina visoda vitatu, vile vifuniko vya chupa za soda. Kisoda kimoja, bahasha moja. Hilo ndilo bando lao.

Hapo ndipo nilipojifunza mimi. Kipindi cha kwanza vikundi vingi vilinunua bahasha ya ushuhuda kwanza! Kikundi kimoja kilitumia visoda vyote vitatu kwa watu watatu tofauti waliosema "nimepata kweli". Kingine kiligoma kutumia hata kimoja, kikasema "sisi tunajua ni feki tu". Nikawapa sifuri, wakalalamika kwamba jibu lao lilikuwa sahihi. Nikawaambia ndiyo, jibu ni sahihi, ila hamkulipata, mmeliokota.

Na visoda vimewaonyesha jambo ambalo maprofesa wa Stanford huenda hawalioni. Uongo unakuja bure, kwenye bando la WhatsApp. Kuuhakiki kunahitaji bando la intaneti la kawaida, ambalo mama yake hana. Ndiyo maana sasa nimeweka bahasha mbili ambazo hazilipiwi: "kumuuliza mtu anayehusika ana kwa ana" na "redio". Pia wanajua 199 ya afya ni bure, na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ujumbe wao unafowadiwa 15040.

Ubaoni nimefuta USIAMINI. Nimeandika: KAJUAJE?

#11 NesiWaZahanati

Nimesoma na nimeumia kidogo, kwa sababu huenda mimi ni mmoja wa hao "watu wanasema".

Chanjo ya HPV nchini ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi hapa nchini, mimi nimewaona, wanakuja wakati damu imekwisha. Na kila tukienda shule swali la kizazi lipo. Zamani nilikuwa najibu "huo ni uzushi, upuuzeni". Siku moja binti akaniuliza, "wewe wako umemchanja?" Nikasema ndiyo, yuko Kidato cha Pili shule fulani. Ukumbi ulibadilika hapo hapo.

Sasa Mkutubi atasema huo ni ushuhuda, sawa na "nimepata kweli jamani". Ni kweli. Lakini mimi sikumwambia aache kuuliza. Mwalimu, mwakani usituite tuje tuhutubie. Tuite tuje tuulizwe. Mtu anayejua kazi yake haogopi "kajuaje".

#12 MwalimuWaZamu

Dada nesi, asante sana. Ndivyo tulivyofanya mwishowe, muuguzi mmoja akarudi peke yake, akakaa kwenye dawati kama mwanafunzi, wakamuuliza saa nzima. Z. alichanjwa mwezi uliofuata, baada ya mama yake naye kwenda kituoni kuongea. Kati ya wale saba, wawili mpaka leo bado.

#13 JaduongWaZiwani

Habari zenu majirani. Huku Kenya kwenye mtaala wa CBC kufikiri kwa makini ni mojawapo ya umilisi saba wa msingi, na ujuzi wa kidijitali pia umo. Kwenye karatasi tuko mbinguni. Darasani ni vile mwalimu ataamka. Hao wa Informed Health Choices ninawajua, majaribio ya Kenya yalifanyika kaunti yetu ya Kisumu.

Nataka kuwatia doa kidogo kuhusu "nani yuko nyuma yake". Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki hapa kwetu walijitokeza wazi wakasema chanjo ya pepopunda inayotolewa kwa akina mama ina homoni ya kuwafanya wasizae. Serikali na WHO wakakanusha. Sasa weka hiyo kwenye bahasha zako, mwalimu. Nani yuko nyuma? Askofu. Si tapeli, si namba ngeni. Ni mtu aliyenibatiza, kanisa lake ndilo lenye hospitali aliyozaliwa mwanangu. Na upande wa pili serikali, ambayo sisi Wakenya kuiamini ni kazi ya ziada.

Mimi nilivyowaambia vijana wangu ni kwamba askofu ninamwamini kwa ndoa yangu na mazishi yangu. Kwa maabara nitamuuliza mtu wa maabara. Kuaminika hakuhami kutoka chumba kimoja hadi kingine.

#14 ChumviNyingi

Mbona hamjagusa lile PAPAI ambalo wakubwa walisema 2020 limepimwa likakutwa na korona? 😏

#15 KijanaWaTandale

> ChumviNyingi alisema: PAPAI

Uzi ulikuwa unaenda vizuri ndugu yangu. Usitupeleke huko.

#16 ChumviNyingi

Ndiyo hapo sasa. Watoto wapime linki za GB 50, wakubwa wasipimwe. Mwalimu utawafundisha "kajuaje" mpaka lini kabla mmoja hajaiuliza juu?

#17 MwalimuWaZamu

> ChumviNyingi alisema: kabla mmoja hajaiuliza juu?

Ameshauliza. Nilimwambia swali ni lile lile na hatua ni zile zile, apime mwenyewe. Sikuleta bahasha. Nina mke na mkopo wa benki, mkuu, nielewe.

#18 WakiliWaMtaani

Na kwa sababu hiyo hiyo nikushauri bure. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inahusu kusambaza taarifa za uongo kwa mfumo wa kompyuta. Karatasi yako ya papa ilikuwa darasani, sawa. Ila mtu akiipiga picha akaiweka mtandaoni na yale maneno yako ya Jangwani, maelezo utakuwa nayo marefu. Siku nyingine piga mhuri mkubwa juu ya picha: ZOEZI.

#19 MwalimuWaZamu

Wakili, hili nilikuwa sitaki kulisema.

Niligawa nakala 12. Nilikusanya 11.

Kama siku kumi baadaye niko kwenye daladala natoka Mbagala, mvua inanyesha. Konda anamwambia dereva, "Oya, Jangwani leo hatupiti, kuna papa kule, kuna mwalimu wa sekondari kaja na picha yake kabisa." Gari zima likaanza kuchangia. Mama mmoja akasema shemeji yake kamwona. Mimi nimeinamisha kichwa natazama viatu vyangu. Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu.

#20 SupuYaPweza

🤣🤣🤣🤣 Shemeji yake KAMWONA. Nimemwaga supu.

#21 MzeeWaReliYaKati

Huyo shemeji ndiye foleni yangu ya Samunge.

#22 Mapendo_Goma

Jambo wandugu. Huku Goma hayo yote tunayaita radio trottoir, haina studio na inafika kila mahali. Wakati wa Ebola Kivu ya Kaskazini, Septemba 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne hivi alisema Ebola haiko. Watu walipigwa mawe kwa sababu wamevaa nguo za kuzika. Lakini mjue pia, huyo aliyesema Ebola haiko alikuwa ameona miaka mingi watu wanachinjwa na hakuna aliyekuja na magari meupe. Siku ya ugonjwa magari yakaja. Yeye pia alikuwa anapima kwa mizani yake. Darasani mfundishe hiyo, ila msimcheke mtu.

#23 BintiMsafwa

Mapendo umenigusa. Nami nina langu.

Mama yangu ana presha. Mwaka juzi kwenye grupu la ukoo mjomba akatupia ujumbe mrefu, mishale miwili juu, ile alama ya WhatsApp kwamba umefowadiwa mara nyingi: kitunguu saumu, ndimu na tangawizi, presha kwaheri, "daktari wa India amethibitisha". Mama akaacha vidonge. Nilikuja kujua baada ya wiki tatu, nilipomkuta amelala saa sita mchana anasema kichwa kinagonga.

Nikaandika kwenye grupu lile lile kwamba mjomba kaleta uongo. Nikaweka na ushahidi, skrinshoti nne, linki mbili. Mnajua kilichotokea? Mjomba akajitoa kwenye grupu. Shangazi akaniambia sina adabu, shule imeniharibu. Mama akaendelea na kitunguu, kwa hasira sasa, kumtetea kaka yake.

Aliyeokoa jahazi ni mama jirani, muuguzi mstaafu, alimpima presha pale barazani bila kusema neno, akamwonyesha namba, akamwambia "da' Tumaini, kitunguu weka kwenye mboga, na vidonge meza". Basi.

Kwa hiyo mwalimu, somo lako linakosa kipande kimoja: mtoto wa miaka 14 anamwambiaje baba yake? Kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Ukimpa mtoto mizani bila kumpa namna ya kuongea, unampeleka akapigwe kofi. Mimi sasa hivi namfuata mtu inboksi. "Shikamoo mjomba, ile dawa nimeipenda, nani alikutumia nimuulize kipimo?" Akianza kutafuta nani alimtumia anagundua mwenyewe hajui.

#24 BabaJunior_Kibaha

Binti hapo umeniweza. Junior ningemuuliza hivyo angeshaoga zamani.

Narudi nyuma kwenye komenti yangu ya kwanza, mwalimu. Endelea.

#25 FundiSimu

Wakuu na hizi sauti na video za AI je? Juzi nimesikia sauti ya kiongozi anatangaza mkopo wa bure, ni yeye kabisa, na kikohozi chake. Bahasha zitafua dafu?

#26 MkutubiMchovu

> FundiSimu alisema: na kikohozi chake

Ndiyo maana nasema usikae ndani ya picha. Watu wanafundishwa kuhesabu vidole na kutazama meno. Mwaka ujao vidole vitakuwa vitano. Swali la nje halizeeki: mkopo huo, wizara imeutangaza? Kuna redio yoyote imesoma? Kama kiongozi ametangaza hela ya bure na hakuna gazeti hata moja lililoandika, sihitaji kusikiliza kikohozi.

#27 MwalimuWaZamu

Nimerudi wakuu, na mrejesho wa moto. Watoto wale sasa wako Kidato cha Pili.

Alhamisi iliyopita ilizuka karatasi kwenye grupu la wazazi. TAARIFA KWA WAZAZI, mock ya wilaya itaanza Jumatatu hii, wiki moja kabla ya tarehe tuliyoijua. Mtoto mmoja akainakili kwa mkono akaja nayo. "Mtihani" imeandikwa "mtiani". Mhuri aliochora umekaa kiupande, akasema ndivyo ulivyo. Darasa lilifurahi kama limepata mnofu. Mtiani! Wilaya gani inaandika mtiani? Feki hii, mwalimu, hata visoda havihitajiki.

Na mimi nikacheka nao. Nilitoka kwenye msiba usiku uliotangulia, ofisini nilikuwa sijapita. Nikasema haya, mnaona wenyewe.

Z. hakucheka. Saa ya mapumziko alikwenda kwa mwalimu wa taaluma, akasimama mlangoni, akauliza. Mwalimu wa taaluma akamwonyesha barua yenyewe, imeingia jana yake jioni, "mtiani" na mhuri wa kiupande vyote vipo. Akarudi akawaambia wenzake. Wakamwambia hiyo ni chai, uongo mtupu. Mkali wa Jiografia akawaeleza kwa hoja nne kwa nini haiwezekani.

Tangazo la mstarini Ijumaa wengi hawakulisikia, ilikuwa siku ya gulio, nusu ya darasa haikuja.

Leo saa mbili asubuhi mock imeanza. Nimesimamia chumba namba mbili. Z. alikuja na kalamu tatu, mbili akaziazimisha.